Nzige Waliotoka Kushoto

Nthambi Mbithi,
Nyuma ya Soko,
Machakos.
25 Januari 2005.

Kwa kaka yangu Mumo,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi la Januari. Je, wewe na wifi Ndanu hamjambo? Na yule mdogo, kifua chake kimepoa ama bado kinakoroma? Mwambie wifi kwamba kitambaa alichonitumia Krismasi nilikishona, na kimenikaa vizuri kuliko ninavyostahili. Sisi huku tu hai. Mama yuko Kithimani na mbaazi zake, anamlalamikia Mungu kuhusu goti na kumshukuru kwa pumzi hiyo hiyo moja. Mvua ilituonjesha mwezi wa kumi na moja kisha ikatusahau. Mwili wangu hauna neno, ila tangu jana sijalala wala kushika chuma cha kulehemu. Ukiona mwandiko unayumba usidhani dada yako ameanza kunywa.

Barua yako ya wiki jana niliipata. Umesema utafika Ijumaa, ili Jumamosi uketi na baba pamoja na wazee wa ukoo pale nyumbani, Mzee Bonface aitwe, aulizwe kwa nini alimchongea baba shuleni hadi akanyang'anywa basi la watoto. Umesema ikithibitika ni yeye, atengwe, asiitwe harusini wala matangani, na kwamba wewe utakuwa wa kwanza kuinua mkono. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, Mumo. Huyo ni Bonface aliyekufundisha kuendesha trekta, ukamwangushia ua wake naye akacheka. Nakuomba kabla hujainua huo mkono usome barua hii mpaka mwisho. Ningekupigia simu, lakini kwa simu mimi ningelia, wewe ungenikaripia, na salio lingetuishia hapo hapo. Hii nitampa dereva wa basi la Kitale, naye ameniapia kwamba itakufikia huko Alhamisi.

Biashara yangu unaijua, maana uliicheka vya kutosha. Chumba cha mbele ni cha vijana na mpira wao wa kwenye televisheni. Chumba cha nyuma niliweka zile mashine tatu nzee za kusimama nilizozitoa kwenye ukumbi uliofungwa kule Nairobi, pamoja na kasha la bodi kumi na moja. Kila bodi ni gemu moja. Unafungua mlango wa nyuma wa mashine, unachomoa hii, unachomeka ile. Zote ni gemu za ndege, za miaka ya themanini. Una kandege kako chini, maadui wanakumiminikia, unapiga risasi mpaka ufe, kisha unaonyeshwa pointi zako. Vijana walizitazama mara moja wakaniuliza kama ni za babu yangu. Waliokuja kuzipenda ni madereva wa mabasi ya shule.

Maisha ya madereva hao unayajua kupitia baba. Saa mbili asubuhi wameshawashusha watoto, na hawana kazi tena mpaka saa tisa alasiri. Walikuwa wakilala kwenye viti vya mabasi yao hapo chini ya soko, midomo wazi. Mwezi wa tano mwaka jana mvua ilinyesha, baba akaingia kwangu kujikinga, akauliza huu ni upuuzi wa nani. Kufikia Ijumaa ya wiki hiyo alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye msumari wangu. Baba yetu, Mumo, mzee wa kanisa, aliyetunyima karata na akachoma ludo yako. Nilipomkumbusha ludo aliniambia ile ilikuwa kamari, hii ni kazi ya macho na mikono.

Mwezi mmoja haukuisha, walikuwa tisa. Walicheza kwa zamu, wakinywa chai yangu, na kila siku ubishi ulikuwa mmoja: nani zaidi. Haukuweza kuisha kwa sababu kila mtu alikuwa na gemu yake aliyoizoea na kujisifia. Mzee Bonface, ambaye aliendesha basi dogo la shule ile ile ya baba, ndiye aliyesema tufanye mashindano kabla shule hazijafungwa: gemu tatu, kila dereva raundi tatu kwa kila gemu, ile bora ndiyo iandikwe ubaoni na kujumlishwa. Mshindi apewe jogoo, na jina lake lichorwe kwa rangi ubavuni mwa mashine. Kazi ya kuchagua gemu wakanipa mimi, kwa kuwa sina basi na sina upande.

Kuchagua gemu ya mashindano ni tofauti na kuchagua gemu tamu, kaka. Mimi nilifurahia kazi hiyo kama mtu aliyeitwa kuhukumu kesi. Kwanza nilitoa zote zisizoisha. Kuna moja waliyoiita Mawe, ambayo dereva mmoja aitwaye Kilonzo aliicheza kutoka saa nne hadi saa tisa kasorobo bila kufa, nikalazimika kuzima stima ili akachukue watoto wa watu. Hiyo ingemaliza muhula. Kisha nikatoa zile za bahati, kama Helikopta, ambapo zawadi zinaanguka ovyo na mjinga anaweza kumshinda bingwa. Halafu nikatoa zile zenye maficho, maana gemu nyingi za zamani zina pembe moja ambayo risasi hazifiki, na mchezaji mwerevu akishaijua anatulia hapo akikusanya pointi kama kuku anayetaga. Mwishoni zikabaki tatu: Nyuki, Manowari, na Nzige. Majina ni yao wenyewe, ya kwenye mashine hakuna aliyeweza kuyatamka.

Sasa nikueleze jinsi baba alivyocheza, maana hapa ndipo kila kitu kilipoanzia. Baba alikuwa hakai katikati kama wengine. Alisukuma ndege yake mpaka ukuta wa kushoto, akaibana hapo, na kutoka hapo akapiga kila kilichokuja. Alikuwa hatari. Wenzake walimwita Mzee wa Ukuta. Bonface alilalamika mbele ya watu wote kwamba huko si kucheza, ni kuegemea, na kwamba mtu aliye bora hahitaji ukuta. Alisema kwa utani, lakini kila mtu alisikia. Mimi nilikagua. Ukuta ule haukuwa maficho, nyuki walifika pale kama kwingine, baba alikuwa tu anapiga shabaha. Nilimtetea, nikaona fahari hata. Ila ili Bonface asiseme nimempendelea mzazi wangu, gemu ya tatu nikaichagua isiyo na ukuta wa kuegemea. Ndiyo hiyo Nzige. Pale maadui hawateremki kutoka juu peke yake, wanaingia kutoka ubavuni, na makundi makubwa yote yanatoka kushoto.

Kwenye majaribio baba alishindwa na Nzige kila siku. Alisema mashine iko na shida. Nilifungua nikapima stiki ya kuendeshea ndege, nyaya, skrini, bodi. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikajisemea mzee amezoea kushinda, sasa ameona uchungu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Mimi ninayejiita fundi, ninayejua kusikiliza redio ikikwaruza nikakwambia ni kipande gani kimekufa.

Mashindano yalifanyika Ijumaa tarehe tano mwezi wa kumi na moja. Chumba kilijaa hata wauza mboga walipanda kwenye makreti kuchungulia dirishani. Baba aliongoza kwenye Nyuki na akaongoza kwenye Manowari, na jina lake lilikuwa juu ubaoni kwa mbali. Alihitaji pointi kidogo tu kwenye Nzige, pointi ambazo hata Kilonzo alizipata akipiga gumzo. Nilisimama nyuma yake. Raundi ya kwanza alikufa kabla sijamaliza kupumua. Ya pili vile vile. Ya tatu alitega miguu, akainamia skrini, na nzige wakaingia kutoka kushoto, wekundu, wengi, polepole, kama ng'ombe wanaorudi zizini. Chumba kizima kiliwaona. Muuza mboga mmoja aliwaona kutoka dirishani akapiga kelele. Baba hakusogeza hata kidole. Ndege ikalipuka, naye akageuka akanitazama, na akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nthambi, si unaona? Hakuna kitu imenigonga."

Watu walicheka sana. Bonface alishinda jogoo, akampiga baba begani akimwambia ukuta umekuangusha, na baba naye akacheka kidogo kwa heshima. Mimi sikucheka. Baba hasemi uongo, unamjua, hata kwa mchezo. Alikuwa amenieleza alichokiona. Kwake yeye, pale mahali palikuwa patupu.

Siku mbili zile sikutulia. Mambo yalianza kunijia yenyewe. Kioo cha pembeni cha basi, cha kushoto, kilivunjika mara mbili tangu Juni, na mara zote alisema ni watu wa baiskeli. Kikombe cha chai nilichomwekea mkono wa kushoto alikuwa hakigusi, nikadhani hapendi tena maziwa. Kalekye anayeuza sukumawiki kwenye kona alikuwa amenilalamikia kwamba baba siku hizi ana maringo, anamsalimu akitoka lakini akiingia anampita kama mti. Akiingia, Mumo, Kalekye huwa kushoto kwake. Lakini mwezi wa nane shule ilikuwa imemleta mtu wa kupima macho, na baba alisoma herufi zote kwenye ule ubao mpaka mstari wa chini kabisa, akarudi akijigamba. Mtu asiyeona atasomaje mstari wa chini?

Jumatatu ya tarehe nane nikafanya jambo la kifundi. Kwenye mashine ya Nzige, nyuma ya skrini, kuna nyaya mbili zinazosukuma picha kushoto na kulia. Nikazibadilisha, picha nzima ikageuka kama unavyojiona kwenye kioo. Maandishi yalisomeka kinyumenyume, na makundi ya nzige sasa yakawa yanatoka kulia. Nikageuza na nyaya za stiki ili mkono ufuate. Baba alipofika saa nne nikamwambia nimeikagua tena, ajaribu. Maandishi hakuyajali.

Aliwamaliza. Aliwamaliza wote, kundi baada ya kundi, kwa ile shabaha yake, akinung'unika wimbo wa kanisa. Alipita pointi za Bonface za Ijumaa, akazipita mara mbili, nami nikaziandika zake ubaoni. Alipokufa hatimaye alikuwa anatabasamu kama mtoto, akanishika mkono, akaniambia, "Sasa umeitengeneza. Si mimi nilisema hii mashine iko na shida? Hawa wengine walinicheka bure." Kisha akatazama saa, akachukua koti lake kwenye msumari, akaenda kuchukua watoto arobaini na wanne.

Nilibaki nimesimama. Nilijua, kaka. Mimi peke yangu katika Machakos nzima nilijua kwamba dereva wa basi lile haoni upande wa kushoto, ule upande ambao mlango uko na watoto wanashukia. Na nilimwacha akaenda. Nilijiambia shule zinafungwa Ijumaa ya wiki itakayofuata, siku chache tu, likizo nitapata namna ya kumwambia polepole. Nilijiambia ni baba, nitaanzaje, mtoto wa kike kumwambia mzee wa miaka hamsini na minane kwamba kazi yake imekwisha. Nilijiambia labda wewe ndiye mwenye kustahili kumwambia, kwa kuwa wewe ni mwanamume na mkubwa. Kila siku saa tisa nilitoka mlangoni nikasikiliza basi likiondoka, na kila siku saa kumi na moja nilipolisikia likirudi nilimshukuru Mungu, kisha nikajipa siku nyingine.

Jumatano ya tarehe kumi na saba, Nzembi alikuja dukani. Nzembi ndiye mama anayesimamia watoto kwenye basi la baba. Alikuwa amebeba begi la shule limelala bapa kama chapati. Alisema walikuwa wamewashusha watoto karibu na Kyumbi, na msichana wa darasa la pili anayeitwa Wendy akarudi nyuma kandokando ya basi kuokota kiatu. Basi likaondoka. Tairi la nyuma lilikanyaga mkanda wa begi, begi likachomoka mgongoni, mtoto akaanguka upande wa majani. Hakuchubuka hata kidole. Nzembi alipiga yowe, baba akafunga breki, akatazama kioo cha kushoto, akamuuliza ana nini. Alipoambiwa kulikuwa na mtoto pale, alijibu kwa upole kwamba hapakuwa na mtoto. Nzembi aliniomba mimi kama binti yake nizungumze naye, kwa sababu yeye aliogopa kupoteza kazi yake. Nilifungua begi. Kitabu cha hesabu kilikuwa na alama za tairi zimepita juu ya jina la mtoto.

Kesho yake asubuhi, kabla basi halijatoka, nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi Katunge. Sasa umejua, Mumo. Si Bonface. Aliyempeleka baba ni mimi. Nilimweleza Bi Katunge habari za nzige na za begi, akanitazama kama niliyechanganyikiwa, kisha nikaliweka begi mezani. Siku hiyo hiyo alisimamisha mabasi yote kwa kisingizio cha kukaguliwa, akakodi mengine. Aliniahidi hatataja jina langu, na hakulitaja. Desemba aliwapeleka madereva wake wote kwa daktari, ili baba asione ametengwa.

Daktari alitushtua upya. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyemsindikiza. Alisema macho ya baba yote mawili ni mazima. Kilichoumia ni ndani ya kichwa. Unakumbuka Pasaka alipoanguka bafuni akasema ni presha, akaamka, akaenda kanisani? Daktari alisema siku ile damu ilizibika kidogo, na sehemu ya ubongo inayotazama upande wa kushoto ilikufa. Mtu wa namna hiyo haoni giza wala ukungu. Anaona kwamba pale hapana kitu. Ndiyo maana alisoma ubao wote, na ndiyo maana alibana ukuta: ukiwa umeegemea mwisho wa kushoto, hakuna tena kushoto kwa kukupotea. Alijiponya mwenyewe bila kujua anaumwa. Baba alisikiliza yote hayo, akamshukuru daktari, na tulipotoka nje akaniambia hawa madaktari wamelipwa na mtu.

Januari shule ilipofunguliwa, basi kubwa akapewa Bonface. Mengine ulishayasikia kutoka kwa baba. Alikumbuka yale maneno ya ukuta, akaunganisha, akamwita Bonface msaliti pale chini ya soko mbele ya madereva wote. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa mlangoni, nikasikia kila neno, na mdomo wangu haukufunguka. Bonface hakujitetea. Alimsikiliza baba mpaka mwisho, kofia mkononi, kisha akainua macho akanitazama mimi.

Nilidhani ananitazama tu. Ijumaa iliyopita akaja dukani peke yake, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya Nzige, ambayo sikuwa nimeirudisha, kwa sababu baba bado anakuja kila siku saa nne kucheza, na hiyo ndiyo furaha iliyombakia. Bonface alionyesha kwa kidole maandishi yaliyogeuka. Akaniambia alishaona tangu Novemba, siku ile ile ya Jumatatu, alipopita jioni kujaribu raundi moja. Aliona mashine imegeuzwa, akaona pointi za baba ubaoni, asielewe maana yake. Baba aliponyang'anywa basi ndipo alipoelewa, akajua ni nani aliyesema. Niliketi chini sakafuni, Mumo. Nilimuuliza kwa nini basi amekubali kutukanwa na sasa kuitwa mbele ya ukoo. Akasema, "Mimi nikikuwa adui yake ni sawa tu, niko na watu wangu. Wewe ukikuwa adui yake, huyo mzee atabaki na nani?" Akaondoka bila hata kunywa chai.

Nilijaribu kuishi na maneno hayo, nikashindwa. Jana, Jumatatu, baba alipofika saa nne nilikuwa nimezirudisha nyaya za mashine mahali pake. Akacheza, akafa kutoka kushoto, akageuka kuniambia imeharibika tena. Nikamwambia, baba, mashine ni nzima, na imekuwa nzima siku zote. Nikasogea upande wake wa kulia ili anione vizuri, nikamweleza yote niliyokuandikia hapa, kuanzia ukutani mpaka ofisini kwa Bi Katunge. Nilingoja anilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Baba hakuniuliza habari za Bi Katunge hata kidogo. Aliuliza nilijua lini. Nikasema Jumatatu tarehe nane. Akauliza begi la mtoto lilikuwa lini. Nikasema Jumatano tarehe kumi na saba. Alihesabu kwa vidole, polepole, kidole kwa kidole, mpaka tisa. Akasema ameendesha watoto wa watu miaka ishirini na sita na hakuna mama aliyewahi kulia kwa sababu yake. Akasema aliyemsimamisha alifanya kazi ya mtu. Lakini huyu aliyemwona haoni, akamwachia arobaini na wanne siku tisa, eti ni heshima kwa mzazi, hiyo ni heshima gani? Alisema angejua, angeshuka kwenye basi lile hapo hapo na kurudi kwa miguu. Nami nilijua ni kweli, Mumo, angeshuka. Katika mambo yote niliyoyaogopa, hilo sikuwahi hata kuliwaza, kwamba angeweza kuambiwa.

Akachukua koti, akaenda nyumbani kwa Bonface. Walikaa humo mpaka mchana ukaisha, sijui walizungumza nini. Leo asubuhi amemtuma Kalekye na ujumbe. Kikao cha Jumamosi kipo pale pale, wazee wale wale, saa ile ile. Bonface atakuja kama mgeni wa baba. Anayeitwa mbele ya ukoo ni mimi.

Njoo, kaka, usighairi. Sikuombi unitetee wala uinue mkono kwa upande wowote. Nitasema mwenyewe, nimeshajifunza kuchelewa kunavyogharimu. Nina ombi moja tu. Mama atakaa kulia kwa baba kama kawaida yake. Wewe keti kushoto, na kila anayeingia mtajie jina lake kwa sauti ya chini, asije akampita mtu bila salamu wakasema ana maringo.

Nisalimie wifi sana, na watoto, na mzee yule jirani yenu aliyenipa mbegu za maboga, mwambie zilichipua. Usafiri salama na Mungu akutangulie njiani. Mama anasema ukija usilete zawadi, ulete dawa ya goti.

Ni mimi dada yako,
Nthambi.